Kusini inavyotafitiwa: maswali ninayoulizwa Lindi na Mtwara

Nimekuwa msaidizi wa utafiti huku Kusini kwa miaka mingi. Natafsiri Kimwera na Kimakonde, natafuta bodaboda na wazee wa kuzungumza nao, na jioni nasoma waliyoandika waliotangulia. Wanafunzi kutoka Dar wananiuliza, wageni wananiuliza, na maswali magumu kuliko yote yanatoka kwa majirani zangu. Haya ndiyo yanayojirudia. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu nayapenda tu.

Kwa nini mnaiita Kusini eneo linalogombaniwa? Mbona hakuna vita?

Vita hakuna, mvutano upo, na haujaanza jana. Huku kila kizazi kina kitu chake kilichotolewa ardhini au porini kikateremshwa pwani: pembe za ndovu, watu waliofungwa minyororo hadi Kilwa Kivinje, mifupa ya Tendaguru, karanga za Nachingwea (hizo zilitarajiwa tu), korosho, na sasa gesi. Kila kilichoondoka kiliacha ubishi nyuma yake: kilikuwa cha nani, nani alikibeba, nani aliandika hesabu. Watafiti wa siasa, wa historia na wa mazingira wanadhani wanasoma mambo matatu tofauti. Ukikaa nao gari moja kutoka Lindi hadi Masasi utagundua wote wanauliza swali hilohilo.

Mpaka wetu na Msumbiji ni mto Ruvuma tangu lini?

Karibu tangu Wajerumani na Wareno walipogawana, isipokuwa kwenye mdomo wa mto. Mwaka 1894 Wajerumani walichukua kipande cha pwani kusini ya Ruvuma, Kionga, wakakiunganisha na koloni lao. Wareno wakakirudisha mwaka 1916 katikati ya vita kuu, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawapa rasmi. Kwa hiyo kuna watu wa Kionga waliozaliwa chini ya Mjerumani wakazeeka chini ya Mreno bila kuhama nyumba. Mto wenyewe haujui kusoma ramani: mvua kubwa ikija, mkondo unahama na visiwa vya mchanga vinahama nao. Na watu walikuwa wanavuka kuoa, kuzika na kulima kabla mtu yeyote hajachora mstari.

Ni kweli mjusi wa Tendaguru yuko Berlin?

Yuko. Ni dinosaria, huku tunamwita mjusi, amesimama katika ukumbi wa makumbusho, mita 13.27 kutoka unyayo hadi utosi.

Tendaguru ni kilima, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, alioneshwa mfupa mkubwa uliochomoza juu ya ardhi. Angalia tarehe: 1906, moto wa Maji Maji haujapoa. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ilichimba hapo chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka. Hakukuwa na barabara wala mnyama wa kubeba, maana mbung'o wasingemwacha hai. Mifupa ilibebwa kichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi, kisha wanarudi kuchukua mzigo mwingine. Wenyeji walichimba, walipakaza plasta, walitengeneza masanduku ya mianzi. Msimamizi mkuu wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani, na wanaojua mambo wanasema bila jicho lake nusu ya mifupa ile ingevunjika njiani. Waingereza nao walikuja kuchimba kati ya 1924 na 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alifariki kwa malaria mwaka 1925.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni majina, kwa sababu hapo siasa inaonekana bila mtu kuitafuta. Mwaka 1919 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza katika nchi hii. Ilibidi ifike 2007 ndipo mwingine akaitwa *Australodocus bohetii*, kwa heshima ya Boheti. Na mwaka 2019 ukaja *Wamweracaudia keranjei*: Wamwera, wenye eneo, na Mohammadi Keranje, aliyeugundua. Mifupa haikubadilika hata kidogo katika miaka hiyo 100. Waliobadilika ni waandishi.

Sasa atarudi lini?

Hili naulizwa zaidi na vijana wa Lindi. Limeshaulizwa hata bungeni, na jibu la serikali limeelekea kwenye ushirikiano na kuendeleza eneo badala ya kumdai mjusi mwenyewe. Hoja ya upande wa pili ni kwamba hatuna jengo la kumweka. Mimi huwa nawajibu kwamba mwaka 1909 Berlin nayo haikuwa na mjusi huyu katika jengo lake. Lakini hata asiporudi, madaftari ya kambi na picha za wachimbaji zingeweza kupatikana Lindi kwa Kiswahili, na hilo halihitaji ukumbi wa mita 14.

Kuna kipya cha kutafiti kuhusu Maji Maji, au imeshaisha?

Haijaisha. Kinachojulikana: Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, milima iliyo nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa akigawa dawa ya maji huko Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vikaenea hadi Ungoni, vikaisha 1907. Wajerumani walihesabu waliokufa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, ambaye alikusanya habari kwa wazee wenyewe, aliweka kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya askari kuchoma maghala na mashamba.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya jambo ambalo bado nalionea wivu: wanafunzi walirudishwa makwao kuwasikiliza wazee waliokuwa watoto au vijana mwaka 1905. Bila wao, tungekuwa na barua za Wajerumani peke yake. Lakini kila kazi ina majira yake. Nchi ilikuwa na miaka saba tangu uhuru, na swali lililokuwa hewani lilikuwa: je, huu si mwanzo wa umoja wa taifa? Kwa hiyo majibu yalielekea huko.

Watafiti wa baadaye wamefungua mambo tena, kijiji kwa kijiji. Wangindo walikuwa na yao kuhusu uwindaji na biashara ya pembe. Wangoni walikuwa na yao ya utawala. Uwanda wa Makonde kwa sehemu kubwa haukuingia vitani kabisa, na wazee wa huko wakiulizwa sababu hawaoni kwamba wanapaswa kuomba radhi. Kuna familia ambazo babu mmoja alikunywa maji na mwingine alikuwa askari wa Mjerumani, na hadi leo habari hiyo haisemwi watoto wakiwepo. Hapo ndipo pana kazi. Aliyeshuhudia hayupo tena, ila kumbukumbu ya nani alikula nini wakati wa njaa bado inapita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Nimekaa na bibi mmoja wa Kilwa anayechimba ming'oko kwa kijiti, akanionesha kuna mizizi ambayo mama yake alimkataza kuigusa hata shibe iwe imetoweka, na alikatazwa hivyo na mama yake pia. Hilo ni jalada la nyaraka. Halina muhuri, basi.

Pori la Selous lilikuwa pori siku zote?

Hapana, na hili linawashangaza watalii na wataalamu wa wanyama kwa pamoja. Sehemu kubwa ya upande wa Liwale ilikuwa na vijiji. Mwanazuoni Helge Kjekshus alitoa hoja miaka ya 1970 kwamba vita na njaa vilipowaondoa watu, mashamba yaligeuka vichaka, mbung'o wakarudi, na wanyama wakafuata. Wengine wamempinga kwamba alichora Afrika ya kabla ya ukoloni kama pepo mno. Ubishi wao ni mzuri kusoma. Kisichobishaniwa ni kwamba miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wa Liwale kwa maelfu, sababu ikitajwa kuwa malale, na ardhi yao ikaingia katika hifadhi. Ofisa wanyamapori wa wakati huo, Ionides, ambaye wazee wanamkumbuka zaidi kwa kushika nyoka kwa mikono, hakuficha kwamba alitaka watu watoke.

Kwa hiyo UNESCO ilipoliandikisha pori hilo mwaka 1982 kama urithi wa asili, ndani yake kulikuwa na makaburi. Ndovu nao hawakusalimika: walihesabiwa zaidi ya 100,000 mwaka 1976, wakabaki 13,000 hivi mwaka 2013. Mwaka 2019 sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ukienda Liwale kuuliza habari za ndovu walioingia shambani, usishangae mzee akianza kukusimulia habari za mwaka 1944. Hajapotea njia.

Kwa nini wazee wa Newala wanamwangalia vibaya mtu mwenye daftari?

Kwa sababu wana kumbukumbu. Mwaka 1906 Karl Weule kutoka Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu ya kunasia sauti na mashine ya kupigia picha za sinema. Alirekodi nyimbo na ngoma. Nchi ilikuwa imetoka kupigwa, na alisafiri akilindwa na askari. Hebu fikiria mwenyewe: mtu mwenye askari anakuomba ucheze. Utacheza.

Ng'ambo ya Ruvuma, Mreno Jorge Dias aliandika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 kazi kubwa kuhusu Wamakonde wa Mueda, kazi ambayo hadi leo haina mfano kwa undani. Ila pembeni alikuwa akiiandikia serikali yake ripoti za siri kuhusu hali ya kisiasa na mawazo yaliyokuwa yakivuka mto kutoka Tanganyika. Tarehe 16 Juni 1960 watu waliokusanyika Mueda walipigwa risasi. Waliokwenda kusema na mtawala, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walitokea upande wetu. Idadi ya waliokufa inagombaniwa: Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, husema zaidi ya 600, nyaraka za Kireno zinataja wachache mno.

Kwa Kiswahili tuna mtafiti, mchunguzi na mpelelezi, na mjini watu wanajua tofauti. Kijijini neno linaweza kuwa moja. Bibi yangu mwenyewe, nilipoanza kazi hii, aliwaambia wenzake barazani: "Mjukuu wangu kaajiriwa kupeleleza watu." Nilikasirika. Baada ya kusoma habari za Dias nilinyamaza.

Je, mpango wa karanga wa Nachingwea una la kutufundisha?

Umeshaandikwa sana, mara nyingi kwa kicheko. Waingereza waliuanza 1947, wakaufuta 1951, karibu pauni milioni 36 zikapotea. Matrekta yalishindwa na visiki na udongo, mvua haikufuata ratiba. Ninachotaka watu waangalie ni mabaki: bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikufika, na reli hadi Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kambi na majengo ya Nachingwea yalikuja kufaa kwa kazi nyingine: hapo ndipo wapiganaji wa Frelimo walifundishwa kuanzia 1965. Mzee aliyepakia mataruma ya reli kurudishwa melini aliniambia hajawahi kuona mtu akihama hadi na njia aliyojia.

Nikitafiti habari za gesi nitaingia matatani?

Si lazima, lakini jua unapokanyaga. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Ilipoamuliwa kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliandamana tarehe 27 Desemba 2012. Tarehe 22 Mei 2013, siku ya hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, redio zilikuwa juu kwenye kila kibanda. Nakumbuka fundi cherehani wa mtaa wetu akiwa amesimamisha mguu juu ya pedali, hashoni, anasikiliza. Waziri alipothibitisha bomba, yule fundi alikunja kitambaa cha mteja, akakiweka ndani, akafunga mlango kwa komeo. Baada ya muda mfupi moshi ulikuwa umepanda, na baadaye jeshi likaingia mitaani. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015.

Miaka iliyofuata tulipata watafiti kuliko watalii. Wengi walikuja na jibu tayari, la laana ya rasilimali, yaani kwamba mali ya ardhini huwaletea wenyeji shida badala ya neema, wakitafuta watu wa kulitamka. Mama mmoja wa Msimbati alisomewa swali la dodoso: manufaa ya gesi kwake anayapa alama ngapi, kuanzia 1 hadi 5? Akafikiri, akauliza: "Na sifuri mmeiweka wapi?" Mwanafunzi hakuwa na kisanduku cha kuandika jibu hilo. Nilimwambia aliandike pembeni, na ninasikia ndiyo sentensi pekee ya tasnifu yake ambayo watu wanainukuu.

Ushauri wangu: usianze na gesi. Anza na korosho. Uliza habari za stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kupitia maghala ulioanza 2007, za kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo huo kwa bei ya chini, za msimu wa 2018 jeshi lilipotumwa kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mtu akishamaliza kukueleza jinsi anavyosubiri malipo ya gunia lake mwenyewe, ya gesi atakusimulia bila kuulizwa, na utaelewa kwa nini hakuamini ahadi.

Kwa mtu wa sayansi ya mimea na wanyama kuna nini?

Kingi kuliko anavyodhani. Uwanda wa Rondo, Lindi, una komba mdogo aliyetambuliwa na wanasayansi miaka ya 1990 tu, mwenye mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Kilwa ina vijiji vinavyosimamia misitu yao ya mpingo na kuuza magogo kwa cheti cha kimataifa tangu 2009, jambo ambalo lilikuwa la kwanza Afrika kwa msitu wa asili wa jamii. Wavuvi wa Songo Mnara walinasa silakanti mwaka 2003, samaki ambaye wazungu waliwahi kudhani ametoweka na dinosaria. Pwani ya Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu 2000, na hapo utajikuta tena kwenye siasa kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu eneo ni lilelile la visima vya gesi na nyavu za watu.

Mbona hutaji magofu ya Kilwa?

Kwa sababu yana wasemaji wengi. Ibn Battuta alifika 1331, Wareno waliipora 1505, mwanaakiolojia Chittick alichimba kuanzia miaka ya 1950. Nenda, ni pazuri. Ukirudi pitia Kivinje pia.

Vibali vinakwendaje?

COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwanza, au chuo chako kama kina mamlaka ya kutoa kibali kwa watu wake. Wanyamapori, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Afya, NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kisha barua inashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kila ngazi kopi yake na muhuri wake, kwa hiyo toa kopi nyingi mjini, umeme ukiwepo. Usimruke mwenyekiti wa kijiji hata kama mtendaji amesema inatosha. Na vijiji vya kando ya Ruvuma vina utaratibu wao wa usalama tangu vurugu za Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, zilizoanza 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya, upande wetu, kushambuliwa Oktoba 2020. Ukiambiwa usiende, usiende.

Wazee niwalipe?

Usinunue habari, lakini usimkalishe mtu saa tatu msimu wa kubangua ukaondoka na "asante". Sukari, sabuni, nauli, vinaeleweka. Shikamoo ni bure na watu bado wanaisahau. Bei ya posho ya kikao isipangwe na wewe peke yako. Muulize mwenyekiti, kisha mlipe kila mtu sawa, mbele ya wote.

Na sisi tunaohojiwa tunapata nini?

Hili aliniuliza jirani yangu, mzee wa Kimwera, na sikuwa na jibu. Timu moja ilikuwa imepiga picha daftari la ukoo wake, karatasi za babu yake zenye majina na deni za pembe, ikaahidi kuleta kopi. Hawakuleta, na ile simu waliyoacha haipatikani. Mchwa wamekula daftari tangu hapo.

Siku hizi, kabla sijapanda gari la mtafiti yeyote, namwomba mambo mawili kwa maandishi: kopi moja ya kazi yake ikikamilika, na kurasa tatu za Kiswahili zinazosema alikuta nini. Wengine wanakubali, wengine hutafuta msaidizi mwingine. Hadi sasa nimepokea kumi na moja. Ziko kwenye kabati la ofisi ya kijiji, rafu ya juu mvua isipofika, na mtendaji ana ufunguo. Jumamosi yule mzee huja, anavaa miwani, anaanza na ile inayohusu Tendaguru, na akikuta jina lililoandikwa vibaya anaomba kalamu.